Madaftari Sita ya Mshona Kofia

Dar es Salaam, 6 Mei 2024

Mavyaa wangu mpendwa, Bi Mwanawema,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limepoa, mvua za masika zisiwe zimeliamsha tena. Sisi huku hatujambo. Hafiz anakusalimu. Anakoroma, lakini hilo ulilijua kabla yangu na hukuniambia.

Simu tunapigiana kila Ijumaa, ila mwanao hunipokonya kabla sijamaliza salamu, ndiyo maana nimeamua kuandika. Tena boksi hili lisingeweza kujieleza lenyewe. Unaijua kazi yangu dukani: vitabu vipya vikiingia, mimi ndiye wa kuvisoma kwanza na kuwaambia wateja kipi kitamfaa nani. Nimeona haya kuwachagulia watu nisiowajua, na nyumbani kwa mume wangu sijapeleka hata kimoja.

Chenye picha ya kasa ni cha wajukuu wa Bi Mwanamize hapo jirani. Wasomewe kwa sauti, na kasa akianza kudanganya, msomaji aigeuze sauti yake. Chembamba ni mashairi mapya, apewe Mzee Othman wa msikitini. Atakasirika kwamba mengine hayana vina. Mwambie aanze na la tatu. Wifi yangu Shamima akija kutoka Madungu, mpe cha upelelezi. Cha mapenzi nimekificha chini kabisa, apewe akimaliza mtihani.

Kinene ni chako. Ni riwaya ya mwanamke anayeshona kofia miaka thelathini, na kofia zake zote zinasifiwa kwa jina la kaka yake. Wiki ile niliyokuja baada ya harusi nilikuona kila alfajiri umevaa miwani, umeinamia kitabu. Nikakuuliza kama unapenda kusoma, ukasema ndiyo. Hujui nilivyofurahi. Kwetu msomaji ni mimi peke yangu, wengine wote wananiona nimepungukiwa kitu. Nikajua nimempata mwenzangu.

Mkaza mwanao,
Nahla


Mtambile, 9 Juni 2024

Mkaza mwanangu Nahla,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mie ni mzima. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Mkoromaji msalimie.

Boksi limefika Mkoani kona moja imelowa, lakini vitabu vizima. Ahsante, mwanangu, na baada ya ahsante ni ahsante tena. Tangu alipofariki mume wangu, Mzee Jaribu, hajatokea mtu akakaa kitako akajiuliza, huyu mama atapenda nini. Mungu akulipe kwa hilo tu, achilia mbali vitabu vyenyewe.

Wajukuu wa Mwanamize wamemmaliza kasa mara nne. Mdogo wao kamwambia bibi yake, "Bibi, kasa huyu mwongo kama weye." Mzee Othman kakasirika kama ulivyotabiri, kasoma la tatu, na sasa anamsomea kila atokaye msikitini asiyewahi kukimbia. Shamima kakipata cha chini siku ya kwanza. Wifi yako bado hujamjua.

Changu nakila taratibu, kisiishe. Tumefika pale kaka mtu anapokwenda mjini na kofia za dada yake, anapita kifua mbele. Mtu yule ananikera mpaka nikimkumbuka jikoni naunguza vitunguu.

Nakutumia karafuu kavu na makopa ya muhogo kidogo. Makopa uyaloweke, usije ukayachemsha hivyo hivyo ukasema mavyaa wako kakutumia mawe.

Mavyaa wako,
Mwanawema


Dar es Salaam, 14 Julai 2024

Mavyaa wangu,

Asalaam alaykum. Vipi hali, na msimu wa karafuu umekujaje? Makopa niliyachemsha kabla barua sijaisoma. Hafiz aliyala yote, akasema anakumbuka utoto, nami sikumuuliza alikuwa na maana gani.

Safari hii boksi ni dogo. Kuna kitabu cha afya ya mifugo, ambacho kwa uzito wake naona kinamfaa mtu mwenye ng'ombe na subira, na hadithi fupi fupi za kutisha, hizo zisomwe na mwenye moyo. Nimeweka pia cha watoto wanaoanza kuhesabu.

Lakini nina ombi. Mlangoni pa duka tuna ubao. Msomaji aliyependa kitabu huandika mistari miwili mitatu kwa mkono wake, tukaibandika, na wateja huamini maneno hayo kuliko yangu mimi ninayelipwa. Nimeshamwambia mwenye duka kwamba mavyaa wangu wa Pemba ana mwandiko ulionyooka kama wa mwalimu, na maneno ya kumchekesha aliyenuna. Tafadhali niandikie kuhusu mshona kofia. Maneno yako, mkono wako. Mwandishi wake, Bi Khairiya, atakuja dukani mwisho wa Septemba, nataka ayakute ubaoni.

Mkaza mwanao,
Nahla


Dar es Salaam, 1 Septemba 2024

Mavyaa wangu,

Asalaam alaykum. Kila Ijumaa Hafiz ananiambia hujambo, na kila nikimwomba simu anasema umeshakwenda kuswali. Wiki ya saba sasa sijapata barua.

Kama nimekukosea, niambie. Labda nimekuagiza kama ninavyowaagiza wateja, na wewe ni mama yangu. Mambo ya ubao tuyaache. Barua zako ndizo ninazozitaka, hata ikiwa ni mstari mmoja wa kunigombeza.

Mkaza mwanao,
Nahla


Mtambile, 22 Septemba 2024

Mwanangu Nahla,

Waalaykum salaam. Hukunikosea. Mie ndiye.

Utaona barua hii haifanani na ile ya kwanza. Ile kaiandika mwalimu Khairat, jirani yangu. Mie nikisema, yeye akiandika. Hii naiandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Msahafu, kwa sababu ndizo nizijuazo. Wewe umehitimu Msahafu. Soma polepole, kwa sauti, na Kiswahili kitatoka chenyewe.

Siku uliponiuliza kama napenda kusoma nilisema ndiyo, na sikusema uongo. Nasoma Msahafu, nasoma maulidi, nasoma waraka alioniachia baba yangu. Ila vitabu vyako vimeandikwa kwa herufi za skuli, na mie skuli sikupelekwa. Alipofariki Mzee Jaribu nilikwenda ofisi moja kufuata karatasi zake. Karani akaniuliza kama najua kusoma, nikamwambia najua. Akanisukumia karatasi, nikamwambia si herufi hizi. Akamgeukia mwenzake, "Huyu hajui kusoma, mtie dole gumba." Mie niliyewasomesha chuoni watoto wa mtaa mzima. Nilitia dole nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo jambo hilo silizungumzi na mtu.

Hafiz anajua. Nilimwapisha asikwambie, usimgombeze. Niliogopa, mwanangu. Unauza vitabu, unazungumza na waandishi. Nilidhani utasema umeolewa nyumba ya wajinga.

Kitabu chako alikuwa akitusomea Khairat. Alasiri tunakaa barazani kuchambua karafuu, sisi tunazitoa kwenye makonyo, vile vijiti vyake, yeye anasoma. Mwezi wa saba kahamishiwa skuli ya Kisiwa Panza. Wa kuniandikia barua nyingine hawakosekani, lakini ulitaka mkono wangu. Mara tano nimeanza nikachana.

Maneno ya ubaoni ni haya, ukiyataka bado: "Mshona kofia nimemsikia kwa masikio, kwa macho sijamwona. Amenifanya nishike konyo mkononi nisahau kulitupa. Nimeachia sura ya nne. Mwenye uwezo wa kusonga mbele, asonge."

Mavyaa wako,
Mwanawema


Dar es Salaam, 24 Novemba 2024

Mama,

Asalaam alaykum. Sikuambii natumai u mzima, kwa sababu Ijumaa iliyopita nimekusikia kwa masikio yangu, Hafiz alipoogopa kuninyima simu.

Barua yako ilinichukua siku tatu. Nilifuata kwa kidole kama mtoto wa juzuu amma, na nilipofika kwa yule karani nililia nikaacha mchuzi ukaungua. Aliyekosea ni mimi. Nilikuona na kitabu, nikadhani vitabu vyote ni kama vyangu. Nisamehe.

Maneno yako nimeyabandika kama yalivyo, sikuyageuza herufi. Watu walisimama kuyatazama. Akaja mzee mmoja wa Kilwa akayasoma kwa sauti, wateja wakamsogelea. Bi Khairiya alikuwapo. Akauliza, "Kwa nini ameachia sura ya nne?" Nikamweleza. Akakaa kwenye stuli yangu, akasema hata mama yake hajawahi kukisoma kitabu chake, kwa sababu hiyo hiyo. Akaniruhusu nifanye nilichofanya.

Mama, ndani ya boksi hili kuna madaftari sita. Ni riwaya nzima, tangu ukurasa wa kwanza, kwa herufi zako. Nimeandika kila siku nikitoka kazini. Sikujua kuziandika p, ch wala v, nikaifungua barua yako nikaona wewe unavyozifanya, nikafuata hivyo hivyo. Mwandiko wangu ni mbaya. Daftari la pili alinisaidia Hafiz na ni baya zaidi.

Vitabu nimewapendekezea watu mia. Hiki ndicho cha kwanza nilichokijua neno kwa neno, na nakushukuru wewe.

Mwanao,
Nahla


Mtambile, 22 Desemba 2024

Nahla mwanangu,

Waalaykum salaam, na rehema na baraka ziingie nyumba nzima, mpaka kwa aliyeandika daftari la pili.

Nilipolifungua la kwanza nilidhani nimekosea boksi. Nikavaa miwani, nikasoma mstari, nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Sikuwahi katika umri wangu kuona hadithi ya leo, yenye simu na boti na watu wanaogombana kama sisi, katika herufi ninazozijua. Mie nakushukuru, na sijui niweke wapi shukrani zenyewe. Nimemwambia Mungu akuwekee yeye.

Makosa yapo. Nimeyatia wino mwekundu, mia na kumi na mawili, na themanini ni ya Hafiz. Nimemsomesha mwenyewe kijana yule, naona haya.

Alasiri ya siku ya pili wenzangu wamekuja na mabeseni yao kuchambua karafuu za mwisho mwisho. Nikatoa daftari la tatu, panapoanzia sura ya tano. Nikalifungua, nikalifunga. Mwanamize akasema, "Soma, Bi Mwanawema, tumengoja tangu mwezi wa saba." Nikasoma mpaka adhana ya Magharibi. Kaka mtu alipoumbuka mbele ya watu, walipiga vigelegele karafuu zikamwagika.

Sasa nikueleze jambo lililonitoa machozi. Yupo Bi Asya, mke wa karani mstaafu, si yule wangu wa dole gumba, mwenye gazeti mezani kila siku. Miaka arobaini tumekaa jirani, na miaka yote nikimwonea wivu, nikidhani gazeti lile analisoma yeye. Jana wenzake walipoondoka yeye alibaki nyuma, akajifanya anatafuta kiatu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo daftari la kwanza yuko nalo nani.

Nikamwambia ninalo mie. Akaangalia njiani kama kuna mtu. Nikampa, akalitia ndani ya kanga yake, akaenda nalo.

Mama yako,
Mwanawema