Vazi la Tumbili

Denise, shika simu!

Nilipita kwa Bibi Edna kabla ya mechi, nimeshavaa lile vazi langu la tumbili. Si unajua mashabiki wageni wakituimbia "Wanyonga Tumbili", eti zamani za vita mababu zetu walimnyonga tumbili wa meli wakidhani ni jasusi wa Kifaransa, sisi wa Hartlepool tunacheka, tunaimba kuwashinda? Na bibi ndiye huwa anaongoza!

Leo kaniona mlangoni, kaanza kulia.

"Nani kakwambia urudi?" Mimi nacheka tu, bibi, ni mimi Kayleigh!

Wapi. Akasema hawakunyonga tumbili. Ile meli ya Wafaransa ilipozama, aliyefika ufukweni mzima alikuwa mtoto. Hawakuelewa lugha yake, wakamwita jasusi. Kamba aliishika babu wa babu yake. Hadithi ya tumbili waliitunga baadaye, ili wapate usingizi.

Nikamwambia bibi, acha utani. Akasema, "Tumbili hamwiti mama yake."

Denise. Tumbili hamwiti mama yake.

Huko nje wanapita wanaimba. Mimi nimekaa kwenye ngazi, zipu imekwama, na bibi ananipapasa shingo taratibu, ananiuliza:

"Bado inauma, mwanangu?"