Wanja Amerudi, Nusu Amesukwa

Jumamosi. Baridi ile ya Julai, mawingu yamekalia Thika tangu asubuhi na nguo za jana bado ni mbichi kwenye kamba.

Nikiamka na baridi kama hii, najua kabla sijafungua macho kwamba kichwa kitakuwa na maneno. Kovu linavuta, kutoka juu ya sikio la kushoto mpaka karibu na paji.

Nilivyoteleza nikianika nguo, damu ikavujia ndani ya fuvu, wakanifungua kuitoa, hayo nilishaandika. Kile hakuna mtu aliniambia ni kwamba unaweza kupona na bado uumwe. Githeri naitafuna upande mmoja tu, taya la upande ule linakataa. Kuna mahali panawasha, nikipakuna sihisi kidole. Daktari alisema picha ni safi, ni ngozi na mishipa inajiunga tena polepole, inaweza kuchukua miezi. Akanitajia dalili za kunirudisha mbio hospitali. Hizo sina.

Nina maumivu tu.

Leo nilikuwa naenda Ruiru kumchukua Wanja. Ana miaka mitatu, na tangu nilazwe amekuwa Membley, huko huko Ruiru, kwa nyanya yake, mama mkwe wangu. Mami amemlea vizuri, acha niseme hivyo kwanza. Lakini kila nikimuulizia, jibu ni lile lile: "Ngoja kwanza upone, Mama Wanja." Juzi kwa simu mtoto akaniuliza, "Mama, utakuja kwetu lini?"

Kwetu. Alimaanisha Membley.

Nilikaa na hilo neno siku nzima kama mfupa kooni.

Kwa hivyo nilikuwa nimepanga kudanganya. Nimeze dawa kabla ya kufika getini, nifunge kilemba vizuri, nicheke, nisilale hata dakika. Mami akiona mtu mzima, hatakuwa na la kusema.

Nikamkuta Wanja na kichwa kama kiota. Mami akaanza kujitetea kabla sijauliza: "Hataki kuguswa! Nimemwita msusi hapa nyumbani, akamuuma mkono. Huyo ni damu ya babu yake, si yangu."

Nikaketi chini, nikamweka katikati ya magoti. Sasa hivi kichwa kinachouma nakielewa. Unashika nywele kwenye mzizi, ndio mvuto uishie kwa vidole vyako usifike kwa ngozi, halafu unachana kuanzia ncha. Ndivyo ninavyojichana mimi, upande ambao nina nywele. Ule mwingine bado ni kama wa askari.

Nikamwambia, "Ikiuma sema, nitaacha."

Akasema inauma hata kabla chanuo halijamfikia. Nikaacha. Akangoja, akasema tena, nikaacha tena. Alikuwa ananipima. Baada ya hapo akatulia, na matuta yakaanza kulala moja baada ya lingine. Najua kusuka jamani, hilo damu haikuondoka nalo.

Tulipofika katikati, kichwa changu kikaanza. Televisheni ilikuwa juu, sufuria ya presha jikoni inapiga filimbi, na upande wa kushoto wote ukawa unagonga. Mpango ulikuwa nivumilie. Lakini ni mimi nilikuwa nimemwambia mtoto aseme ikiuma.

Nikaweka chanuo chini. "Wanja, sasa ni kichwa ya mama inauma. Tunaacha."

Nikajilaza kwenye kochi, ubavu wa kulia, mbele ya mama mkwe wangu, mchana.

Mami akatoka jikoni. "Si unaona? Ndio maana nakwambia bado."

Sikuinuka. Nilimjibu nikiwa hivyo hivyo nimelala, kwa heshima, lakini nilimjibu. "Mami, hii kichwa itauma leo, na mwezi ujao pengine itauma. Siwezi ngoja iishe ndio niwe mama."

Mami akainama. Akachukua chanuo. "Haya Wanja, kuja nyanya amalizie."

Wanja alikuwa amekaa chini karibu na kochi na mwanasesere wake, hajalia, hajaniparamia. Akafunika kichwa kwa mikono miwili. "Tumeacha. Ya mama inauma."

Mami akamwangalia. Akaniangalia. Halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Akapunguza televisheni, akaingia chumbani, na nilipomsikia akifungua kabati la nguo za mtoto nikafunga macho ili asinione ninavyolia.

Nilipopata nafuu begi lilikuwa mlangoni.

"Na anatoka hivyo? Upande mmoja kanisa, upande mwingine msitu?"

"Anatoka hivyo, Mami."

Akamfunga zipu ya jaketi hadi kidevuni. "Ukilemewa piga simu. Usijifanye chuma."

Nitapiga. Sioni aibu tena.

Huku Thika, mtaa wa Landless, tumepita mbele za watu hivyo hivyo. Mama wa mboga, yule aliyewahi kuniuliza kama nimekuwa Mkorino kwa sababu ya kilemba, akapaza sauti, "Mama Wanja! Msusi alitoroka?"

"Msusi ni mimi!" Na nikatembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kichwa kinauma ninapoandika. Nimefunga leso yenye joto, nimelegeza fundo. Wanja yuko hapa upande wangu wa kulia, alishajua ndio upande wa kulalia. Kabla ya kusinzia ameuliza nyanya yuko wapi. Nikamwambia yuko kwake.

"Na sisi?"

"Sisi tuko kwetu."

Kesho namalizia ule upande mwingine. Kichwa kikikataa, tutaenda kanisani hivyo hivyo, yeye na nusu yake, mimi na yangu.