Maneno ya Mlangoni

Mjukuu wangu Thuweiba,

Salamu zako zimefika. Huku Maskati sote wazima, babu yako goti limempoa na anakusalimu. Umeniuliza nilipataje kazi ya kumwandikia daktari, maana na wewe kesho wanakujaribu.

Mimi nilijaribiwa siku moja tu, miaka ya tisini, kwenye kliniki ndogo ya mtaa wa Hamriya, hapa hapa Maskati. Daktari alikuwa Mhindi; yeye anapima, mimi natafsiri na kuandika. Akaingia bibi mmoja wa Kizanzibari. Nikamuuliza anaumwa na nini. "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi. Uzee tu." Nikaandika hivyo hivyo. Daktari akampa vitamini, akamruhusu.

Nikainuka kumsindikiza, kama tulivyolelewa. Kufika mlangoni akanishika mkono: "Kifua kinanibana tangu alfajiri, lakini sikutaka kumsumbua daktari wa watu."

Nikamrudisha ndani. Nikaichana karatasi yangu mbele ya daktari, nikamwambia nimekosea, huku nnajua kazi imeshakwenda. Bibi akapelekwa hospitali kubwa, na alhamdulillahi akapona.

Jioni daktari akanambia, "Kesho njoo mapema. Kiti chako kiweke karibu na mlango."

Kiti kile nilikikalia miaka kumi na miwili, na kwacho nimemsomesha mama yako. Daktari nnamshukuru, na yule bibi nnamwombea kila Ijumaa. Mpaka leo mgeni akiniaga, namsindikiza hadi mlangoni, na sina haraka ya kufunga.

Bibi yako