Sikio Langu la Kushoto

Ndugu yangu Kasiano,

Kuna jambo nililokuficha miaka yote niliyoongoza bendi ya parokia. Hata ulipougua nikaja kukuona, nilikaa kando ya kitanda chako nikazungumza habari za mavuno ya ulezi. Sasa moyo wangu nao umechoka.

Masikio yangu yamekufa. Yalikwenda taratibu: kwanza ndege wa asubuhi, kisha kengele ya altare, kisha sauti ya Skola, mjukuu wangu. Ngoma kubwa tu imebaki, nayo naisikia kifuani. Daktari anasema ni matarumbeta ya miaka mingi ndani ya chumba kile cha bati, madirisha tukiyafunga kwa baridi ya Julai.

Lakini kuna ajabu moja ambayo ungeipenda. Kabla halijafa, sikio la kushoto lilikuwa linasikia noti ileile chini kidogo kuliko la kulia. Noti moja, sauti mbili! Daktari anasema hutokea. Nakaa hapa barazani najiuliza kama kuna watu wawili duniani waliowahi kusikia wimbo mmoja.

Wewe ulikaa kushoto kwangu.

"Uko chini, Kasiano. Pasha moto tarumbeta." Nilikwambia hivyo kila mazoezi, kwa kuwa shaba ikipoa sauti hushuka. Ukaanza kuja nalo ndani ya koti tangu nyumbani. "Mwalimu, siku hizi nalikumbatia hili kuliko mke wangu!" Wenzetu walicheka mpaka wakashindwa kupuliza. Mimi sikucheka. Mwishowe nikakutoa kwenye bendi, nawe hukupiga tena mpaka unakufa.

Tarumbeta lako limefungwa kwenye kanga, sandukuni. Mjukuu wako analililia, ila shemeji hampi; anasema ukoo wenu hauna sikio la muziki. Uliamini hivyo wewe, naye akaamini. Jumapili Skola atanishika mkono twende kwake, nimweleze mbele ya mtoto. Nakuahidi, hata kama itabidi nibebwe.

Pumzika, ndugu yangu. Nami sichelewi.

Ila shemeji atasikia, na wewe usikie kwanza. Wiki moja kabla sijakutoa, benchi lenu lilivunjika, ukaja kukaa kulia kwangu. Ukapiga. Ulikuwa sawasawa kabisa, Kasiano. Nilijua siku hiyohiyo kuwa kosa ni la sikio langu, na bado nikakutoa.