Farasi wa Bure

Tabora, 3 Juni 2024

Mwanangu Ruaa,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila goti linanung'unika. Natumai Dar es Salaam haijakukondesha.

Jirani yangu Asila ameniletea mchezo wako wa sataranji wa juzi, kaunakili wote kutoka mtandaoni. Nikaupanga ubaoni, nikaupangua, nikanawa mikono. Hatua ya nne tu unamtoa farasi kwa askari mmoja, na hakuna aliyekubana! Nikamuuliza Asila kama ulikuwa na homa. Akasema huo ndio mtindo wako siku hizi, na una jina lake huko mtandaoni. Hata upele una jina.

Barazani kwangu nilikufundisha kulinda na kusubiri. Huku ni kuvua nguo sokoni ili watu wakutazame. Umeshinda kwa kuwa mwenzako alikuwa mjinga. Ukiucheza tena, usiseme nani alikufundisha.

Shangazi yako,
Semeni


Dar es Salaam, 20 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, na asali uliyompa kondakta wa basi imefika salama.

Kweli, farasi anakwenda bure. Lakini baada yake askari wangu wanasonga, wanawafukuza farasi wa mwenzangu mpaka walikotoka, na mfalme wake bado yuko katikati hajapata pa kujificha. Mtu aliyezoea raha hapo huanza kukosea.

Wewe hukosei, najua. Kila mwaka unaingia fainali ya Tabora na Bwana Modest, mwenyekiti wa chama chenu, mnatoka sare, na kwa kanuni yenu sare inampa mwenyekiti nafasi ya kwenda mashindano ya taifa Dodoma. Yeye anapanda treni, wewe unabaki kuwaambia watu hujawahi kufungwa. Kutofungwa huko kumekufikisha wapi, shangazi? Hata Igalula, kituo cha treni cha hapo jirani tu, hakujakufikisha.

Binti yako,
Ruaa


Dar es Salaam, 2 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Hujanijibu. Asila anasema u mzima ila hutaki nitajwe mbele yako. Kwa maneno ya Igalula naomba radhi. Kwa farasi siombi. Nimechaguliwa timu ya Dar, tutakwenda Dodoma.

Binti yako,
Ruaa


Tabora, 9 Septemba 2024

Ruaa,

Salamu zako zimefika. Goti ni lile lile. Hongera ya timu, ingawa naona Dar mmeishiwa watu.

Jana ilikuwa fainali. Modest alikuja na suti, akawaambia watazamaji waende wakanywe kahawa kwanza, maana Bi Semeni hucheza kama anayesubiri treni. Hatua ya nne nikamtoa farasi. Akamtazama farasi, akanitazama mimi.

"Bi Semeni, macho yameisha? Nikurudishie?"

"Mle," nikamwambia.

Akamla huku akicheka. Askari wangu wakaanza kwenda. Kicheko kikakatika, tai ikalegezwa. Ndipo nikajua kwamba miaka yote hii mtu yule hakuwa akifikiri, alikuwa ananingoja mimi ningoje. Farasi wake wakarudi zizini, mfalme akakosa njia. Mwishowe akasalimu amri, akamlaza mfalme kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka bila kunipa mkono. Sikuhuzunika. Mkono wenyewe ulikuwa umelowa jasho.

Sasa sikiliza. Mchezo wako bado ni upuuzi. Nilinyamaza ili niutafutie kaburi, na nimelipata. Askari wako wanapoanza kuwakimbiza farasi wake, mwenzako asikimbie, amwache mmoja aliwe. Mtakuwa sawa kwa kete, lakini askari wako watakuwa wamefika mbali hawana mlinzi, nawe huna tena cha kumtishia. Modest hakuliona kwa sababu ya uchoyo. Dodoma wako watakaoliona, na sitaki mtu mwingine akuaibishe kwa jambo ambalo mimi nalijua.

Tiketi ya Dodoma ninayo. Mimi na wewe tukipangwa meza moja, njoo na mchezo wa maana.

Shangazi yako,
Semeni