Mbuzi Aliyekataa Kuuzwa

Umoja, Nairobi
17 Agosti 1996

Dada yangu mpendwa Mwongeli,

Salamu kutoka kwetu sote. Je, huko Mwingi mmeamkaje? Goti lako limepoa, au bado linatabiri mvua isiyonyesha? Sisi hatujambo. Kavutha anashukuru kwa ndengu ulizompa Nthoki. Binti yako ametulia vizuri likizo hii, na anakula kutushinda sote.

Najua umesikia kampuni yetu ilifunga lango mwezi wa Mei. Usinililie. Nimeendesha lori la mikate miaka kumi na mmoja bila kugonga hata kuku, na mtu wa namna hiyo hakosi usukani. Jumatatu nimeitwa kujaribiwa kwenye kiwanda kimoja Baba Dogo. Nitapita, hilo niachie mimi.

Lakini sitakudanganya, wiki za kwanza zilinitikisa. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri, sasa ni saa nne na ameketi kitandani anatazama viatu vyake! Ndipo nikafungua sanduku la bati nikatoa kile kitabu cha utotoni, cha mbuzi aliyekataa kuuzwa. Unamkumbuka? Kila akipelekwa sokoni anakata kamba na kufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Nilipofika pale anapokula kofia ya mnunuzi, nilicheka mpaka Kavutha akaja kuangalia kama nimerukwa na akili. Kesho yake nikakisoma tena. Sasa hata sihesabu. Kavutha anasema wanaume wengine wakipoteza kazi hushika pombe, wake ameshika mbuzi. Na aseme. Kitabu hicho kilinishikilia, nami sioni aibu ya kukisoma.

Aibu yangu iko kwingine. Jumanne Nthoki alikipata. Mtoto huyo husoma hata karatasi ya sukari. Akafungua jalada, pale tulipokuwa tukiandika majina na mwaka kila mtu akipewa kitabu cha shule, akaona jina lako, la mwisho kabisa, 1971. Akaniuliza kimefikaje kwangu. Nikababaisha, nikasema uliniachia. Akasema haiwezekani, kwa sababu mama hataki vitabu vya hadithi nyumbani, na humwambia kimoja kilimwaibisha mbele ya shule nzima.

Nikamvutia kigoda akae. Halafu nikamweleza yote. Akafunga jalada, akasema, "Mjomba, utamwandikia mama wewe, au nimwandikie mimi?"

Basi naandika mimi.

Mwongeli, kitabu kile nilikiiba mimi. Wewe ulikuwa darasa la sita, mwenye ufunguo wa kabati la vitabu, na ulikileta nyumbani Ijumaa moja ili unisomee. Kilitakiwa kurudi Jumatatu. Sikuweza kuvumilia mtoto mwingine apewe mbuzi wangu, nikakitoa mkobani mwako nikakificha chini ya gunia la makaa. Jumatatu mwalimu mkuu alikusimamisha kwenye paredi, akakuita mwizi, akakunyang'anya ufunguo. Nilikuwa mstari wa darasa la tatu, natazama vidole vyangu vya miguu. Wiki nzima ulikitafuta, mpaka kwenye taka, nami nilikusaidia kutafuta.

Ulikuwa ukimwambia kila mtu utakuwa mwalimu. Baada ya paredi ile hatukukusikia ukilisema tena. Miaka ishirini na mitano nimelijua hilo na nikanyamaza. Naona haya, dada yangu. Nisamehe. Sina kisingizio.

Nthoki atarudi Jumamosi na kitabu mkobani, nimekifunga kwa gazeti. Chini ya jina lako hakuna jina lingine, kwa kuwa nilikificha. Nthoki alitaka kuandika lake nikamkataza. Nafasi hiyo ni yako kuamua, na kalamu nimeiweka ndani.

Krismasi nitakuja, kazi iwepo isiwepo. Uliaibishwa mbele ya watu, kwa hiyo nitasimama mbele ya Mama, shemeji na watoto wote, nitaje mwizi ni nani. Usinitangulie kuwaambia.

Wasalimie wote, na umwambie Mama dawa yake ya kifua nitakuja nayo.

Ni mimi mdogo wako,
Muoki, wa mstari wa darasa la tatu