Kwa Sababu Mwalimu Amesema

Mweso, Jumapili, baada ya misa

Papa Anselme,

Tangu tukuzike, darasa lako la pili nimelishika mimi, msaidizi wako. Bado naandika kila jioni katika kitabu changu kile nilichofundisha na jinsi kilivyokwenda. Wiki hii, siku tatu mfululizo, nimeandika tarehe na neno moja tu: kinyaa. Sina mwingine wa kumweleza.

Ulinionyesha wewe jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kuandika maoni yake. Ulipika maharagi nyuma ya darasa, mekundu katika chungu kimoja, meupe katika kingine. Watoto wakaonja, kisha kila mmoja akaandika: "Mimi ninaona haya ni mazuri, kwa sababu..." Na sababu ilipaswa kuwa kitu alichokiona au kukionja mwenyewe. Asiye nayo alirudishwa kwenye chungu. Bahati aliandika kwamba mekundu ni mazuri kwa sababu ameyarudia mara tatu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Huyu umuache," uliniambia, "iko na sababu kushinda sisi wote."

Hayo yamekwisha. Direkteri mpya wa shule aliposikia kwamba inspekteri anakuja, aliingia darasani akaandika ubaoni: "Mimi ninaona mitaro ya mlimani ni mizuri kwa sababu inalinda udongo." Mitaro ileile ambayo serikali ya Wabeleji inawalazimisha watu wetu kuichimba. Akaamuru watoto wote wanakili, kila mmoja aweke jina lake chini, kama maoni yake. Nikamwambia polepole kwamba hiyo ni imla. Akatabasamu. "Kaka, kule Pinga iko shule inatafuta mwalimu. Unapenda pori?"

Mke wangu amejifungua kwa shida, bado amelazwa hospitali ya Kirotshe. Nikawagawia watoto madaftari.

Riziki hakunakili. Ni yule binti uliyemfundisha kushika kalamu. Aliandika: "Mimi ninaona mitaro ni mibaya kwa sababu mama alichimba akiwa na mimba, mvua ikabomoa, wakamwambia achimbe tena." Kitu alichokiona mwenyewe, Papa. Ungemnyanyua juu darasa zima limwone.

Mimi niliirarua karatasi yake.

Nikasimama karibu naye akinakili ile ya ubaoni. Hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, nilikosa wapi?" Nikamwonyesha ubao.

Alhamisi inspekteri alifika. Mzungu yule alifungua madaftari, moja baada ya jingine, sentensi ileile, na uso wake ukazidi kufurahi. Akamwuliza Riziki kwa nini anapenda mitaro. Mtoto akasimama, mikono nyuma. "Kwa sababu mwalimu amesema." Inspekteri akacheka, akamgusa begani: "Vizuri sana, mutoto muzuri!" Direkteri akacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote. Kurarua, nilitishwa. Kucheka, nani alinituma?



Jana asubuhi niliwaeleza watoto wote kwamba nilirarua karatasi ya Riziki, na kilichokuwa kimeandikwa humo. Kisha nikaandika swali ubaoni: Mwalimu alifanya vizuri au vibaya? Walitazamana. Bahati akauliza, "Mwalimu, fimbo iko?" Nikasema hakuna. Hata hivyo wengi waliandika kwamba nilifanya vizuri kwa sababu mimi ni mwalimu. Wiki moja tu, na uozo umeshaingia. Nilisoma daftari hadi daftari nikitamani kuyatupa yote nje, nami niyafuate.

Riziki aliandika: "Mimi ninaona mwalimu alifanya vibaya kwa sababu aliogopa. Niliona mikono yake inatetemeka."

Nimempa alama zote. Kesho Jumatatu direkteri anakagua madaftari, na lake nimeliweka juu kabisa.

Nimemwandikia mke wangu asishtuke akisikia tunahamia Pinga. Bado sijui mtoto mchanga atafikaje kule, na ninaogopa kama nilivyoogopa siku ile. Sitakudanganya.

Kaa salama huko uliko, Papa Anselme. Ahadi yangu ni ndogo, lakini hiyo nitaitimiza: direkteri akininyooshea karatasi ile niirarue, sitaipokea; atairarua kwa mikono yake mwenyewe, na watoto wakimtazama.

Mwanafunzi wako,
Faustin